Balozi Aliyeandika na Hakusikizwa

Pale Moi Avenue inakutana na Haile Selassie kuna bustani ndogo. Mimi nilikuwa naijua kama mahali pa kungojea mtu kabla ya kupanda mat. Siku moja nikasoma majina kwa ule ukuta. Nilisoma yote.

Bomu la 1998 tumesimuliwa na wazazi. Lakini kuna mtu kwa hii stori hatumtaji sana: Prudence Bushnell, balozi wa Marekani hapa kwetu tangu 1996.

Kabla ya Nairobi alikuwa Washington, akishughulikia Afrika. Rwanda ilipowaka 1994, ni yeye alikuwa anawapigia simu wakubwa wa jeshi kule Kigali awaambie mauaji yakome. Aliuliza pia kama Marekani inaweza kuziba ile redio ya chuki. Akajibiwa ni ghali sana. Ghali!

Kufika Nairobi, akaona ubalozi umekaa karibu sana na barabara, magari yanapita hapo nje tu. Mwisho wa 1997 akaandikia Washington kwamba jengo hilo si salama. 1998 akamwandikia Madeleine Albright mwenyewe, waziri wa mambo ya nje. Ubalozi mpya haukupatikana.

Agosti 7, saa nne na nusu hivi asubuhi, Bushnell alikuwa jengo la jirani, Co-operative House, kwa mkutano na waziri Joseph Kamotho. Kukasikika mlipuko mdogo. Watu wakakimbilia madirisha waone ni nini. Maze, hapo ndipo hunishika. Ukisikia kishindo tao leo, si hata wewe utachungulia? Halafu bomu la lori likalipuka, na vioo vikawaingia machoni.

Watu 213 walikufa. Wamarekani walikuwa 12. Ufundi House, jengo lililokuwa na wanafunzi wa ukarani, liliporomoka lote. Bushnell alishuka ngazi akiwa amejeruhiwa, akarudi kazini.

Wengi humwita shujaa, na sikatai, alipigana na wakubwa wake. Lakini kuna kitu hunisumbua. Barua zake zilielekea Washington, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya balozi, kuandikia kwao. Yule msichana wa Ufundi House aliyekuwa anajifunza kupiga taipu alikuwa kwa hatari ileile, na yeye hakuna aliyemwandikia.

Ubalozi sasa uko Gigiri, mbali na barabara, nyuma ya ukuta. Waliopofuka siku ile bado wanadai fidia.