Gesi Haiogopi Theluji

Historia ya wakimbizi wa Kongo hapa Rwanda unaweza kuisimulia kwa moto tu. Kiziba ilifunguliwa 1996, Gihembe 1997 baada ya mashambulizi ya Mudende, na Kigeme ikapokea watu 2012. Miaka mingi tulipika kwa kuni na makaa, yale tunayoita makala. Baadaye mitungi ya gesi ikaanza kuingia kambini. Mahama ni moja ya kambi zilizoachana na kuni, maana miti ilikuwa inaisha.

Halafu ndugu zetu wengi wakahamishiwa Marekani, na moto ukabadilika tena. Huko brosheti zinachomwa kwenye jiko la gesi linalokaa uani, hata theluji ikianguka. Mimi nafanya kazi na vijana hapa Rwimbogo, si mbali na joto la Bugarama. Kaka na dada zao wanawauliza kwenye simu: mtungi bado uko na gesi, mbona moto umekuwa mdogo? Tumeibiwa?

Hapana, si wizi. Gesi hiyo inaitwa propani. Mkemia Mmarekani Walter Snelling aliitambua mwaka 1910, alipokuwa anachunguza petroli iliyokuwa inapotea kwa mvuke. Ukiibana inakuwa maji. Ukiifungulia inachemka yenyewe bila kupashwa moto, hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Butani, ambayo huku kwetu huchanganywa nayo kwenye mtungi, yenyewe inagoma karibu na sifuri.

Lakini baridi inapunguza nguvu. Kwenye nyuzi 20 za joto, propani inasukuma kama mara 8 ya hewa ya kawaida. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kama mara 2 na nusu tu. Tena, kila inapochemka inanyonya joto la mtungi wenyewe, ndiyo maana chuma kinaganda barafu kwa nje. Mtungi ukiwa karibu kuisha, hali inazidi. Basi anza na mtungi uliojaa, funika jiko lipate moto kabla ya kuweka nyama, na usifunguefungue kifuniko. Usipashe mtungi kwa moto wala maji yanayochemka. Pakaa povu la sabuni kwenye mpira uone kama unavuja.

Kwa hiyo gesi inaivumilia baridi. Sisi ndio tunaikimbia, na hapo ndipo kuna kifo. Mtu anasukuma jiko hadi gereji, au analiingiza ndani lipashe nyumba, kama vile wengine walivyoingiza mbabura ya makala chumbani usiku wa baridi kule Gihembe. Harufu unayoijua ya gesi iliwekwa kiwandani makusudi ili uvujaji ujulikane. Ila moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa monoksidi ya kaboni, na hiyo haina harufu wala rangi. Unaumwa kichwa, unasikia usingizi, unalala, huamki. Kuacha mlango wazi hakutoshi.

Wanaoandaa watu kwa safari huwaeleza habari za makoti na viatu. Naomba waongeze hili pia. Na wewe mwenye ndugu huko, mtumie ujumbe leo: nyama iive nje, watu wale ndani.