Reneti na Saa ya Mtengeneza Jibini

Ndugu mkulima, wewe unayefuga ng'ombe wa maziwa unajua uchungu wa kumwaga maziwa ya asubuhi nzima. Watengeneza jibini wa Ulaya waliujua uchungu huo kwa karne nyingi. Haya, tuwatazame walivyopata dawa yake.

Zamani mtu alichukua tumbo la nne la ndama anayenyonya, akalikausha, kisha akaloweka kipande katika maji ya chumvi. Maji hayo ndiyo reneti. Ukitia kidogo katika maziwa ya uvuguvugu, yanaganda. Lakini ndama hawalingani. Akishaanza kula majani, kile kimeng'enya cha kugandisha hupungua tumboni mwake. Basi leo maziwa yanaganda kwa nusu saa, kesho saa nzima imepita na bado ni maji! Mtu akiongeza reneti kwa kukisia, jibini huweza kuwa chungu.

Mwaka 1874 Christian Hansen, mfamasia wa Denmark, alianza kuuza reneti iliyopimwa nguvu. Miaka hiyohiyo wataalamu wa nchi yake, Storch na Segelcke, walieleza kanuni: ukizidisha reneti mara mbili, muda wa kuganda hupungua nusu. Tuseme kijiko kimoja kinagandisha pipa la maziwa kwa dakika 40. Vijiko viwili, dakika 20. Nusu kijiko, dakika 80. Ila maziwa yawe yaleyale na joto lilelile, kama digrii 35 za sentigredi.

Kwa nini? Fikiri palizi. Wapaliliaji wakiwa wengi, shamba linakwisha upesi. Kimeng'enya nacho hukata protini moja ya maziwa, na chenyewe hakiishi; kinahamia nyingine. Lakini kuna mpaka. Protini zilizokatwa lazima zishikamane, na kushikamana kuna muda wake. Ukifika hapo, kuzidi kumimina ni hasara tu.

Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kimeng'enya hicho kitengenezwe kwa vijidudu, na siku hizi viwanda vingi havitegemei tena tumbo la ndama. Kanuni ya kipimo imebaki ileile.

Basi ndugu yangu, ukijaribu kutengeneza jibini nyumbani, soma nguvu ya reneti iliyoandikwa kwenye chupa, pima kwa kijiko, na uangalie saa. Usikisie, maziwa ni jasho lako.