Ekzosi, Malodi na Tochi ya Leza

Haya wadau, leo tuachane kidogo na siasa za bweni na foleni ya kantini. Nataka tuongelee historia ya spea. Ndiyo, spea! Zile ambazo hazikutengenezwa na kampuni iliyounda gari, bali na mtu mwingine kabisa aliyechukua vipimo akatoa za kwake. Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza "feki" moja kwa moja. Ngojeni kwanza, hadithi ni ndefu kuliko hapo.

Shida ya kwanza ya mtengenezaji wa namna hii ni kwamba mchoro hana. Mchoro uko kiwandani, umefungiwa. Kwa hiyo zamani kazi ilikuwa ya kalipa, rula na kadibodi: unapima, unakata, unajaribisha, haikai, unakata tena. Kwa bomba au boliti sawa, lakini bampa yenye mikunjo kila upande, hapo utakesha.

Shida ya pili ni kubwa zaidi: umbo ni la nani? Hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1986. Kampuni ya British Leyland, waliounda Morris Marina, waliwashtaki Armstrong kwa kutengeneza ekzosi za kubadilishia kwenye gari hilo. Armstrong hawakuwahi kuona mchoro wowote. Walichukua ekzosi yenyewe, wakaipima, wakatoa ya kwao, na wakagoma kulipia leseni. British Leyland wakasema kunakili ekzosi ni sawa na kunakili mchoro wetu, na mchoro una hakimiliki. Mahakama za chini zikawakubalia! Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa. Malodi wakasema hivi: mtu akishanunua gari ana haki ya kulitengeneza, na aliyemuuzia hawezi kutumia hakimiliki kumfungia njia ya kupata spea. Armstrong wakashinda.

Mwaka 1988 Bunge likaandika sheria mpya ya hakimiliki na usanifu. Ikaanzisha haki ya usanifu, lakini ikaacha nje sehemu ya umbo ambayo lazima iwe vile ili kitu kiingie mahali pake, na ile ambayo lazima ifanane na gari zima. Kumbukeni hapo, maana ndipo skana itakapopita.

Sasa tuje kwenye leza. Ya kwanza iliwaka Mei 1960 kule California, kwa Theodore Maiman. Miaka ya 1980 watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, akiwemo Marc Rioux, walikuwa tayari wanaitumia kupima maumbo. Kanuni yake ni hesabu ya pembetatu tuliyosoma sekondari: unamulika mstari wa leza juu ya kitu, kamera inautazama kutoka pembeni, na jinsi mstari unavyopinda ndivyo kompyuta inavyojua wapi pameinuka na wapi pamebonyea.

Kikwazo kilikuwa mkono wa binadamu. Ukitembeza kifaa mkononi, kompyuta itajuaje kilipo? Jibu mojawapo lilikuwa kukifunga kwenye mkono wa chuma wenye viungo vinavyojipima. Jibu lingine lilitoka Lévis, Quebec, kwa kampuni ya Creaform iliyoanzishwa mwaka 2002. Skana yao ya HandySCAN ilitoka 2005. Unabandika vidoa vinavyoakisi mwanga kwenye kitu unachopima, kamera mbili zinavisoma, na kifaa kinajua chenyewe kiko wapi. Hata gari likitikisika, haidhuru. Unaingia nacho chini ya gari au ndani ya buti kama mtu mwenye tochi.

Unachopata ni wavu wa pembetatu nyingi mno. Hapo mbunifu anaanza kazi: anausafisha, anachora juu yake, kisha anajaribisha spea ndani ya kompyuta kabla hajakata chuma. Kule Marekani, WeatherTech wa Illinois wanauza mazulia ya gari wakijinadi kwamba yamepimwa kwa leza.

Lakini jamani, tusilewe. Leza inaona ngozi tu. Haijui chuma ni cha aina gani, wala kimepikwa vipi. Ukiipa spea iliyolika, itakunakilia na ulikaji wake. Kitu cheusi au kinachong'aa kinaisumbua, mpaka ukipulizie unga mweupe. Kwa hiyo zulia lililopimwa kwa leza nalikubali bila maswali, ila mkono wa usukani uliopimwa kwa leza nitauliza umetengenezwa kwa chuma gani na nani aliujaribu.

Ninachokiona mimi ni hiki. Tunapenda kusema teknolojia ndiyo iliyofungua milango, ila hapa mlango ulifunguliwa na ekzosi ya Marina karibu miaka 20 kabla skana haijatoka. Malodi wangeamua kinyume, anayeshika skana Uingereza angekuwa anakusanya ushahidi wa kesi dhidi yake mwenyewe. Sisi tunaopanda magari ya zamani, yenye wenyewe wako mbali, swali hilo linatuhusu kuliko tunavyodhani: ukinunua gari, umenunua na haki ya kulitengeneza?

Jibuni wenyewe. Mimi nawahi kipindi.