Mpangaji, Jirani na Sheria

Msomaji, kama umepata kulala bwenini, wajua ya kuwa mtu mmoja apigaye kelele usiku aweza kuwanyima usingizi watu arobaini. Kiranja afanyeje? Akimwacha, wote watateseka. Akimfukuza, bweni litatulia, lakini aliyefukuzwa atalala wapi? Swali hilo ndilo lililowasumbua wenye kuwapangishia maskini nyumba katika nchi ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 150, na sheria zao zimegeuzwa mara nyingi katika kulitafutia jibu.

Tuanze na mwaka wa 1865. Mwaka huo Bibi Octavia Hill alikabidhiwa nyumba tatu chakavu mahali paitwapo Paradise Place, katika mtaa wa Marylebone, London. Aliyetoa fedha ni Bwana John Ruskin, mwandishi mashuhuri, aliyetazamia kupata faida ya asilimia tano. Kila juma Bibi Hill alipita mlango kwa mlango akipokea kodi, na kwa njia hiyo akawajua wapangaji wake na taabu zao. Kila nyumba ilitengewa fedha za matengenezo. Zikibaki kwa kuwa wapangaji wameitunza nyumba, wao wenyewe walichagua zitumiwe kwa jambo gani. Hata hivyo upole huo ulikuwa na makali yake. Asiyelipa kodi, au aliyeishi maisha ya uovu, alitolewa. Na aliyepima uovu huo alikuwa Bibi Hill mwenyewe.

Baadaye serikali za miji zilianza kujenga. Sheria ya mwaka wa 1890 iliyapa mabaraza uwezo wa kubomoa vibanda vibovu na kujenga nyumba bora. Mwaka wa 1900 mtaa mpya wa Boundary ulifunguliwa London, mahali palipokuwa na vichochoro vya Old Nichol. Lakini wenyeji wa vichochoro hivyo waliorudi kukaa humo walikuwa wachache mno, maana kodi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao. Sheria ya mwaka wa 1919 iliongeza msaada wa serikali, na mitaa ikaenea kila upande. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, karibu thuluthi ya jamaa za Uingereza zilikaa katika nyumba za mabaraza.

Katika miaka hiyo yote mpangaji wa baraza alikuwa na kinga ndogo. Baraza liliweza kuukomesha upangaji wake kwa ilani tu, bila kumthibitishia hakimu kosa lolote. Sheria ya Nyumba ya mwaka wa 1980 iligeuza hali hiyo. Tangu hapo mpangaji hakuweza kutolewa ila kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Moja ya sababu hizo ilikuwa kuwaudhi majirani, lakini hata kosa likithibitika, hakimu alipaswa kuridhika kwamba kumtoa mtu huyo ni jambo la busara. Sheria hiyo hiyo iliwapa wapangaji haki ya kuzinunua nyumba zao. Wenye uwezo wakanunua. Katika nyumba zilizosalia wakazidi kuwamo maskini, wagonjwa na wasio na kazi.

Ndipo malalamiko yalipozidi: kelele za usiku, matusi, vitisho, madirisha kuvunjwa. Mabaraza yalipotaka kwenda mahakamani yalikuta kizuizi kimoja kikubwa, nacho ni hofu. Ni nani atakayesimama mbele ya hakimu kumshtaki jirani yake, kisha jioni arudi kulala ukuta kwa ukuta naye? Kwa hiyo sheria ya mwaka wa 1996 ilitosheka na mwenendo unaoelekea kuudhi, hata kama hakuna jirani aliyejitokeza kusema ameudhiwa. Ikawa karani wa nyumba aweza kutoa ushahidi mahali pake. Pia iliyaruhusu mabaraza kumpa mpangaji mpya mwaka mmoja wa majaribio.

Mwaka wa 1998 ukaja na jambo zito zaidi. Mahakama iliweza kumpa mtu amri ya kuacha mwenendo fulani au kutokanyaga mahali fulani. Amri yenyewe haikuwa hukumu ya jinai, lakini aliyeivunja aliweza kufungwa hadi miaka mitano. Mwaka wa 2003 wenye kupangisha walipewa uwezo wa kuiomba mahakama impunguzie mpangaji mkorofi kinga yake. Na hapo hapo walilazimishwa kutangaza taratibu zao za kushughulikia malalamiko.

Je, mizani ilielemea upande mmoja? Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilisikiliza shauri la Baraza la Manchester na mpangaji aliyepunguziwa kinga kwa ajili ya vitendo vya watoto wake. Mpangaji alishindwa, lakini majaji waliweka kanuni kubwa: mahakama yapaswa kuwa na uwezo wa kupima kama kumtoa mtu katika makao yake kunalingana na kosa.

Kisha sheria ya mwaka wa 2014 ikaziondoa amri za mwaka wa 1998. Amri mpya zaweza kumwagiza mtu atende jambo jema, mathalani kupata matibabu ya ulevi, wala si kumkataza tu. Jirani aliyelalamika mara kwa mara bila kusaidiwa alipewa haki ya kudai shauri lake lichunguzwe upya. Lakini kwa makosa fulani yaliyokwisha kuthibitishwa mahakamani, sheria hiyo ilirahisisha kumtoa mpangaji.

Angalia basi, msomaji, jinsi mizani ilivyopanda na kushuka. Bibi Hill aliweza kuhukumu peke yake, lakini aliwajua watu wake. Makarani waliomfuata wana sheria nyingi, na aghalabu wana milango mingi mno ya kubisha. Jirani ana haki ya kulala, na mkorofi ana haki ya kusikilizwa kabla hajapoteza paa lake. Anayemtoa mtu bila kumsikiliza huenda ameihamishia taabu mtaa wa pili. Na anayemsikiliza mkorofi pasipo kumsikiliza jirani amemwacha mnyonge gizani. Siku utakapokuwa wewe ndiwe kiranja, au karani, au hakimu, kumbuka kuwasikiliza wote wawili kabla hujashika kalamu.