Lahajedwali: somo tuliloachiwa na Improv

Leo tuangalie historia kidogo. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa Harvard, alimtazama mwalimu akichora jedwali la hesabu ubaoni. Namba moja ikibadilika, nyingine nyingi zinafutwa na kuandikwa upya. Kwa nini tarakilishi isifanye kazi hiyo? Yeye na Bob Frankston wakaunda VisiCalc, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 kwa ajili ya Apple II.

Ukibadilisha bei, faida ilijihesabu yenyewe. Tatizo ni kwamba namba na kanuni zilichanganyika kwenye seli. Kanuni kama B4*C7 haimwambii mgeni chochote.

Mwaka 1991 Lotus ilitoa Improv kwa tarakilishi za NeXT. Hapo data, kanuni na mwonekano vilitenganishwa. Uliandika mara moja tu: Faida = Mapato - Gharama, na miezi yote ikafuata. Lakini watu walishazoea seli, na Lotus ikaachana nayo.

Mazoea hayo yana gharama. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon aligundua kwamba katika faili la Excel la wanauchumi Reinhart na Rogoff, wastani uliishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano ziliachwa nje, katika utafiti uliotumiwa kutetea kubana matumizi ya serikali!

Kwa hivyo mimi nikipanga biashara, makadirio yote hukaa karatasi moja, hesabu karatasi nyingine. Seli muhimu huzipa majina, na jumla huikagua kwa njia mbili. Mwaka ujao nabadilisha makadirio tu, kanuni sizigusi.