Eau de Cologne: Marashi Mepesi Yaliyohukumiwa Vibaya

Anayenunua marashi huuliza kwanza kama yatakaa nguoni hadi jioni. Kwa kipimo hicho, eau de Cologne imeshushwa hadhi, ikaonekana ni maji ya wazee ya kujipaka baada ya kunyoa ndevu. Lakini historia yake inaonyesha kuwa wepesi huo ulikusudiwa. Mwaka 1708 Johann Maria Farina, Mwitaliano, alimwandikia ndugu yake kwamba ametunga harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua, na biashara ya ukoo wake mjini Cologne ilianza mwaka 1709. Wakati matajiri wa Ulaya walikuwa wamezoea miski na manukato mengine mazito, yeye alichanganya pombe kali safi na mafuta ya maganda ya bergamoti, limau na chungwa. Waigaji walijaa. Mwingine aliyepata jina ni Wilhelm Mülhens, ambaye marashi ya nyumba yake, 4711, yalichukua namba ya jengo lao la mtaa wa Glockengasse. Zamani maji haya yaliuzwa pia kama dawa ya kunywa. Amri ya Napoleon ya mwaka 1810 ilipowataka wenye dawa za siri wafichue mchanganyiko wao, yakabaki kuuzwa kama marashi tu.

Wapo wanaosema kitu kinachopotea upesi hakina thamani. Ni kweli harufu hupotea: chembe za limau na chungwa ni nyepesi, nazo huruka haraka, na kwa kawaida mafuta ya manukato ni kama asilimia 2 hadi 5 tu ya chupa. Ila kule kuruka ndiko kunakoipa harufu uchangamfu wake. Katika joto la Bonde la Ruzizi, mashariki mwa Kongo, kuanzia Uvira hadi Bwegera, marashi mazito huwachosha waliobanana kwenye gari. Eau de Cologne hufifia, kisha hupakwa tena. Wengine watasema ni mambo ya Wazungu. Mbona michungwa na milimau yenyewe ilitoka Asia, na Ulaya iliipokea kama sisi? Tahadhari moja inafaa: mafuta ya bergamoti ambayo hayakusafishwa yanaweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua, basi yapakwe chini ya nguo. Marashi haya yapimwe kwa uburudisho wake, si kwa saa yanazodumu.