Ni Toleo Lipi la The Lord of the Rings Tulinunue?



Wapendwa, baadhi ya vijana wetu wanaosoma vitabu pamoja wametuuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Wakichangishana fedha ili wanunue riwaya ya The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, wachague toleo lipi? Ziko nakala za kila namna: juzuu tatu, juzuu moja nene kama misale, za mitumba zenye kurasa za manjano, na mpya zenye michoro. Muuzaji atawaambia kwamba kitabu ni kile kile. Sivyo. Kitabu hiki kimepita katika mikono mingi, na si mikono yote iliyokuwa na uangalifu.

Kwa ufupi tu juu ya mwandishi. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza. Mama yake, Mabel, aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, jambo lililowaudhi sana jamaa zake, akafariki mwaka 1904. Watoto wake wawili wakabaki chini ya ulezi wa padre mmoja wa Oratori ya Birmingham, Padre Francis Morgan. Tolkien akawa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na Mkatoliki wa kudumu hadi kifo chake mwaka 1973. Wengi wetu hatujui kwamba alikuwa pia miongoni mwa watafsiri wa Biblia ya Yerusalemu ya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1966. Yeye alifanya kazi kwenye Kitabu cha Yona.

Riwaya yenyewe aliianza Desemba 1937, akaimaliza mwaka 1949. Yeye aliiona kuwa kitabu kimoja, chenye sehemu sita ndani yake. Lakini baada ya vita karatasi ilikuwa ghali, na mchapishaji wake wa London, George Allen & Unwin, alihofia hasara. Kijana Rayner Unwin alimwandikia baba yake, Sir Stanley, aliyekuwa safarini ng'ambo, kwamba huenda wakapoteza pauni 1,000. Baba akakubali hasara hiyo, ikiwa mwana anaamini kweli kwamba kazi ni ya kipaji kikubwa. Basi ikagawanywa mara tatu: The Fellowship of the Ring, Julai 1954, The Two Towers, Novemba 1954, na The Return of the King, Oktoba 1955. Kila juzuu iliuzwa kwa shilingi 21. Kwa hiyo anayewaambia kwamba hizi ni riwaya tatu za mfululizo amekosea. Ni moja iliyokatwa kwa ajili ya gharama. (Tolkien hakulipenda hata jina la juzuu ya tatu, kwa sababu lilifichua mwisho wa hadithi. Tunamwelewa.)

Makosa yalianza tangu siku za kwanza. Wapiga chapa, wakidhani wanamsaidia profesa, walimsahihisha tahajia: alipoandika dwarves wao wakaweka dwarfs, alipoandika elven wao wakaweka elfin. Mtu aliyetumia maisha yake yote katika historia ya maneno ilimbidi ayarejeshe moja baada ya jingine. Baya zaidi likatokea nyuma ya mgongo wake. Nakala za kwanza za juzuu ya kwanza zilipokwisha haraka, wapiga chapa walikuwa wamekwisha kuzivunja herufi za risasi. Wakapanga maandishi yote upya, wala hawakumwambia mchapishaji. Makosa mengi madogo yakaingia kimya kimya, na nakala zilizofuata zikayarithi.

Kisa cha mwaka 1965 kinastahili tukae nacho, maana kinagusa dhamiri. Huko Marekani, sheria ya siku zile ilimlinda mwandishi wa kigeni kwa masharti magumu: kitabu kilichoingizwa kutoka nje kwa idadi iliyozidi kipimo, bila kuchapwa nchini humo, kilikuwa katika hatari ya kupoteza hakimiliki. Kampuni ya Ace Books ikaona mwanya huo. Ikachapa riwaya nzima kwa jalada laini, senti 75 kwa juzuu, bila idhini ya Tolkien na bila kumlipa chochote. Kwa hoja yao, sheria haikuwakataza. Nasi tuliofundishwa seminarini kutofautisha kilicho halali na kilicho haki tunaona hapa mfano wa kufundishia darasani.

Tolkien hakuwa na jeshi la mawakili. Alikuwa mzee wa miaka 73 mwenye wasomaji wengi wanaomwandikia. Kila alipomjibu msomaji wa Marekani, alieleza kwamba toleo lile halikuwa na ridhaa yake, akamwomba awaambie wenzake. Habari ikaenea. Wakati huo huo akaketi kuyapitia maandishi yake upya, ili toleo lililosahihishwa lipate hakimiliki mpya. Likatolewa na Ballantine Books Oktoba mwaka huo huo kwa senti 95 kwa juzuu, likiwa na tamko lake jaladani. Maelfu kwa maelfu ya vijana walilipa senti 20 zaidi kwa hiari. Mwaka 1966 Ace wakakubali kumlipa na kutochapa tena. Ajabu ni kwamba mwaka 1992 mahakama ya Marekani ilitamka kuwa hakimiliki ya toleo la kwanza ilikuwa halali muda wote!

Lakini angalieni jinsi jambo jema lilivyotoka katika ubaya ule. Bila wizi huo, pengine tusingekuwa na toleo la pili, lililofuatia Uingereza mwaka 1966. Ndilo lenye dibaji mpya, ambamo Tolkien anakataa waziwazi kwamba kitabu ni fumbo la Vita Kuu ya Pili. Alichukia mafumbo ya namna hiyo. Basi wahubiri wenzetu wanaotaka kila mhusika awe nembo ya mtakatifu fulani waisome dibaji hiyo kwanza. Humo pia alibadilisha mambo yanayoonyesha jinsi alivyojali: katika salamu ya Frodo kwa Elves, neno lenye maana ya “kukutana kwetu” lilibadilishwa herufi moja tu, kwenye kiambishi kinachobeba “yetu”.

Desemba 1953, kabla kitabu hakijatoka, Tolkien alimwandikia Padre Robert Murray, Mjesuiti na rafiki wa familia, kwamba kazi hii ni ya kidini na ya Kikatoliki katika msingi wake: hapo mwanzo bila yeye kukusudia, lakini kwa kujua alipokuwa akiirekebisha. Tusisitize maneno hayo ya mwisho. Imani yake iliingia katika masahihisho. Ndiyo maana mtu anayetafuta imani hiyo hana budi kujali masahihisho.

Na hapa ndipo nyongeza za mwisho wa kitabu zinapokuwa na uzito. Mwaka 1968 Allen & Unwin walitoa riwaya yote katika juzuu moja ya jalada laini, lakini wakaziondoa karibu nyongeza zote, isipokuwa kisa cha Aragorn na Arwen. Nakala za namna hiyo bado zinazunguka kwenye mitumba. Hasara yake ni nini? Katika hadithi yenyewe tunaambiwa tu kwamba wasafiri waliondoka Rivendell mwishoni mwa Desemba. Ni katika nyongeza ya orodha ya miaka tunapoisoma siku yenyewe: tarehe 25 Desemba. Na Pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku ambayo Kanisa huadhimisha Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, na ambayo Wakristo wengi wa kale waliiona pia kuwa siku ya Bwana kusulubiwa. Tarehe hiyo ya pili imo katika hadithi pia. Ile ya kwanza imo nyuma tu. Mwenye nakala iliyokatwa atafika Mlima wa Adhabu bila kujua kwamba safari ilianza Noeli.

Baada ya Tolkien kufariki, mwanawe Christopher aliendelea kusaidia kazi ya kusafisha maandishi. Mwaka 1987 Douglas Anderson alieleza historia ya makosa hayo katika toleo la Marekani. Mwaka 1994 maandishi yaliingizwa kwenye kompyuta, na kumbe kompyuta nayo ni mpiga chapa kama wengine: makosa mapya yakazaliwa, hata sentensi nzima zikadondoka katika baadhi ya nakala. Hatimaye mwaka 2004, katika kuadhimisha miaka 50, Wayne Hammond na Christina Scull walitoa toleo lenye marekebisho kati ya 300 na 400, wakaongeza mengine mwaka 2005 pamoja na faharasa iliyopanuliwa.

Basi vijana wetu, kabla ya kulipa, fungueni kurasa za mwanzo. Mkikuta maelezo ya Hammond na Scull kuhusu toleo la miaka 50, maandishi hayo ni mazuri. Kisha fungueni nyuma mhakikishe nyongeza zipo, kuanzia A hadi F. Juzuu moja au tatu ni suala la mfuko na macho. Kwa kundi linalopokezana, tatu zinafaa zaidi, kwa sababu watatu waweza kusoma kwa wakati mmoja. Michoro ya Alan Lee, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, ni mizuri kweli kweli, ila inapandisha bei. Msichague kwa jalada: lile la Ballantine la mwaka 1965 lilichorwa na msanii ambaye hakuwa amepata nafasi ya kukisoma kitabu.